Aulizwe Peke Yake

Sheria ilikuwa moja tu, na aliyeitunga hakika hajawahi kukanyaga Kariakoo: anayehojiwa awe peke yake. Asiwepo mke, asiwepo mtoto, asiwepo jirani wa kusikia wala wa kumkumbusha. Iliandikwa kwa maandishi mekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa dodoso, na kishikwambi kilikataa katakata kufungua ukurasa wa pili mpaka Severa athibitishe kwamba hakuna mtu mwingine anayesikia. Peke yake! Mtaa wa Msimbazi! Mahali ambapo ukipiga chafya watu sita wanakuombea kwa Mungu, na wa saba anataka kujua jana ulilala dirisha wazi au vipi.

Utafiti wenyewe ulihusu ustawi wa nafsi na namna watu wanavyoishi na wenzao. Maneno matamu. Severa alikuwa ameyabeba mtaani wiki tatu, jua likimchoma utosini, na alikuwa amehoji watu ishirini na tisa kwa mbinu ambazo hazimo kwenye mafunzo yoyote. Mmoja alimhoji juu ya ghorofa katikati ya matangi ya maji. Mwingine alimhoji ndani ya gari bovu huku vioo vimepandishwa, wote wawili wakitota jasho. Alibaki mtu wa thelathini, na majina yalichaguliwa na kompyuta, huwezi kubadilisha hata ulie. Jina lilikuwa la Mzee Bakili, fundi mabegi, anayekaa kwenye baraza ya duka la vitasa na bawaba la Mansukhlal. Leo ilikuwa siku ya tatu ya kumfuata, na ndiyo ya mwisho. Saa kumi jioni mfumo unafungwa.

Msimamizi wake, Heriel, alishamwambia bila kuzunguka. Waliofikisha thelathini wanapata ajira ya miaka miwili. Mwenye ishirini na tisa arudi nyumbani, na anayekataa kuhojiwa hahesabiwi. Nyumbani kwenyewe ni sebuleni kwa mama yake mdogo, Ilala, kwenye kochi ambalo halilaliki mpaka mgeni wa mwisho aondoke, na wageni wa mama mdogo hawaondoki. Severa alikuwa na miaka ishirini na saba na hajawahi kufunga mlango ukawa wake. Alikuwa ameshakiona chumba Buguruni, kina dirisha moja na kitasa kipya, na kila akifumba macho alikisikia kile kitasa kikilia ka!

Basi akafika barazani saa tano na nusu, akabana hasira zake, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Bakili aliinua uso, uso wa upole kabisa, sindano kubwa ikiwa vidoleni. "Umekuja kuchukua begi?"

Siku ya tatu hiyo anauliza hivyo hivyo. Siku ya kwanza Severa alicheka, siku ya pili akatabasamu. Leo hakuwa na tabasamu la kugawa.

"Hapana, mzee. Ni mimi Severa, wa yale maswali."

"Wa maswali, Bakili, yule wa jana," alidakia Bi Sabaha. Huyu aliuza kanga na mitandio pembeni yake, bega kwa bega, na wote wawili walikuwa wametoka Masasi enzi hizo Kariakoo haijajaa ghorofa.

"Ahaa, wa maswali!" Mzee Bakili akafurahi kama amekumbushwa sikukuu. "Karibu. Uliza."

Severa akatazama kushoto: Bi Sabaha. Akatazama nyuma: Mzee Mansukhlal, miwani puani, ameegemea kaunta yake, masikio yote mawili yako nje. Kulia kulikuwa na muuza saa, na nyuma ya muuza saa watu wawili wasio na kazi yoyote waliokuja kusikiliza tu. Alikuwa ameshawaomba waondoke jana na juzi. Walikubali kwa adabu kubwa, wakasogea hatua mbili, wakabaki. Basi akaamua kuanza na maswali ya kupasha moto, ambayo hayaandikwi popote, labda wangechoka wenyewe.

"Mzee, kwa ujumla, unaridhika na maisha yako?"

Mzee Bakili akageuza shingo kumtazama Bi Sabaha.

"Anaridhika sana," akasema Bi Sabaha. "Hapo andika sana."

"Bi Sabaha, samahani, namuuliza yeye."

"Ndiyo yeye huyo anaridhika."

"Ni kama anavyosema," akathibitisha Mzee Bakili, akaendelea kushona.

Severa akavuta pumzi mpaka tumboni. "Mwezi uliopita, mzee, ni mara ngapi umejisikia mpweke?"

"Mpweke!" Bi Sabaha akapiga makofi, akawageukia wasikilizaji. "Haya, mwasikia? Mpweke! Huyu upweke ataupatia wapi hapa, hata akiutafuta kwa tochi? Mansukhlal, una upweke humo dukani tumpe Bakili?"

"Umekwisha," akajibu Mzee Mansukhlal bila kucheka. "Zimebaki bawaba."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Bakili naye akacheka, nusu dakika baada ya wengine. Severa akasonya moyoni, maana kumsonyea mtu mzima hadharani ni laana, lakini moyoni alisonya mpaka mbavu zikamuuma.

Haya, maswali hayajaenda popote, akatokea mama mmoja na mwavuli. Hajafungua hata kinywa, Mzee Mansukhlal akapaza sauti kutoka ndani: "Bakili, huyo ni Bi Josepha wa Tandika! Lile begi la bluu, zipu!"

"Ee, Josepha!" akasema Mzee Bakili. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, fundi. Limekwisha?"

"Bado, pitia saa kumi," akajibu nani? Bi Sabaha. Yaani hata mteja wake mwenyewe anatambulishwa, na kazi yake mwenyewe anapangiwa saa! Adhana ya adhuhuri ilipoita ikawa vituko juu ya vituko: Bi Sabaha akamwamuru muuza saa ampeleke mzee msikitini. Msikiti wenyewe hatua hamsini, mnara wake unaonekana palepale walipokaa. Muuza saa akamshika mkono, wakaenda, wakarudi wameshikana vilevile.

Mzee aliporudi na kukaa, Severa alitazama saa kwenye kishikwambi. Saa nane kasoro dakika tano. Yakamfika shingoni.

"Jamani!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata msukuma mkokoteni akasimama. "Hivi huyu mzee hana mdomo? Akiulizwa jina, mnajibu. Akiulizwa moyo wake, mnajibu. Akienda kuswali mnamshika kama kuku wa kuuzwa. Hapa kwenu mtu hana hata kijisehemu cha kwake mwenyewe, cha kusema huku ndani ni mimi?"

"Mwanangu, punguza jazba," akasema Bi Sabaha. "Muulize hapahapa. Atakujibu vizuri tu."

"Anajibu nani? Si mnajibu ninyi!"

"Sasa sisi na yeye tofauti yake nini?"

Lo! Severa alitamani kupasuka. Hayo ndiyo anayoyasikia kila siku pale Ilala: kochi letu, chakula chetu, simu yako tuione, barua yako tumekufungulia, sisi na wewe tofauti yake nini? Hasira ya miaka yote ile ikaja kumwagikia Msimbazi, kwa watu wasiohusika.

"Kuna jambo mnalificha," akasema, tena kwa sauti ya kusikiwa na wapita njia. "Mnaogopa atasema nini akiwa peke yake? Mnamdhulumu nini huyu mzee?"

Bi Sabaha akashika kanga aliyokuwa anaikunja, akaacha kuikunja. Mzee Mansukhlal akatoka nyuma ya kaunta polepole, akavua miwani, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Binti," akasema, "huyu amekaa mlangoni kwangu miaka thelathini na minne. Mke wangu Lalita alipofiwa na mama yake, chakula cha kwanza alichokubali kula kilitoka kwa marehemu mke wa huyu, Mwislamu kampikia Mhindu asiyekula nyama, sufuria jipya kabisa, kwa heshima. Unaniambia namdhulumu?"

"Basi kama hamna neno, nipeni chumba. Dakika kumi tu."

Bi Sabaha alitikisa kichwa: usimpe. Lakini neno dhuluma lilikuwa limeshasemwa barabarani, na mfanyabiashara wa Kariakoo ataungua vidole vyote kabla hajakubali neno hilo lilale mlangoni kwake. Mzee Mansukhlal akafungua stoo.

"Dakika kumi," akasema. "Mlango usifunge."

"Sitafunga."

Akafunga. Alivumilia mlango wazi kwa muda wa sentensi moja, akamsikia Bi Sabaha huko nje akiuliza, "Kaanza?" na hapo mkono wake ukaenda wenyewe. Akausukuma mlango, akasukuma na komeo. Ka! Utulivu ulioingia mle ndani ulikuwa mtamu hata akafumba macho kidogo. Akabonyeza ile alama nyekundu: ndiyo, yuko peke yake. Kishikwambi, kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, kikafungua ukurasa wa pili.

Mzee Bakili alikuwa amekaa juu ya boksi la vitasa, mikono juu ya magoti, haina kitu.

"Jina lako kamili, mzee?"

"Bakili."

"Bakili nani?"

Mzee akacheka kidogo, akageuza shingo upande wa kushoto, upande anaokaaga Bi Sabaha. Palikuwa na maboksi. Akarudisha shingo. "Bakili," akasema tena.

"Umri?"

"Sabaha anajua."

Severa akauma meno. Hata humu ndani, Sabaha! "Tuliache hilo. Sasa sikiliza, hapa hakuna jibu baya. Nitaanza sentensi, wewe unaimalizia, mara kumi. Mimi ni..."

"Mimi ni Bakili."

"Safi sana! Hiyo moja. Mimi ni..."

"Mimi ni..." Mzee akaitazama mikono yake. Akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. "Mimi ni..."

"Usiwe na haraka. Chochote tu. Fundi wa nini, baba wa nani, mume wa nani." Hakuruhusiwa kumsaidia, lakini alikuwa ameshachoka na ruhusa.

"Mume wa..." Mdomo ukabaki wazi, jina halikuja. Jasho likaanza kumtoka mzee kwenye paji la uso. "Yule... yupo hapo nje. Ngoja nimwite, atakwambia."

Mke wake ni marehemu. Mzee Mansukhlal ametoka kusema hivyo sasa hivi.

"Mzee Bakili?"

"Hapa ni wapi?" Mzee akasimama. Akatazama maboksi, akatazama taa, akamtazama Severa, na ule upole wote wa siku tatu ukawa umeondoka usoni. "Wewe nani? Umeniweka humu kwa nini?"

"Mzee, ni mimi Severa, wa mas..."

"Nani kanifungia?" Akauendea mlango akauvuta. Komeo lilikuwa mbele ya macho yake lakini hakujua la kulifanya. Akaupiga mlango kwa viganja. "Nimefanya nini mimi? Nifungulieni! Nimefanya nini?" Na akalia, mzee wa watu, kwa sauti, machozi yakishuka hadi kwenye kanzu. Severa alipomsogelea, mzee alimsukuma kwa kiwiko kikampata mdomoni. Nje nako mlango ukapigwa. Severa akalishika komeo, likakwama, akalivuta, akalivuta tena, akalia naye.

Mlango ulipofunguka walikuwa wote pale: Bi Sabaha, Mzee Mansukhlal, muuza saa. Hakuna aliyemtupia Severa hata jicho. Bi Sabaha alimshika mzee mabega yote mawili, na maneno aliyoyatoa yalikuwa ya ukali wa kila siku, ukali wa nyumbani.

"Wewe Bakili! Bakili wa kwetu Chikundi, baba Shukuru! Nimekuacha kidogo tu umekimbia kazi? Begi la Josepha atalishona nani, mimi?"

"Sabaha," akasema mzee, akitweta.

"Ndiyo Sabaha. Njoo ukae. Sindano hii hapa. Begi hili hapa, la bluu, zipu."

Wakamkalisha mahali pake. Bi Sabaha akamwekea begi magotini na sindano vidoleni, na vidole vikaanza kazi kabla mwenyewe hajaacha kulia. Baada ya muda akaacha. Muuza saa akaanza kumsimulia habari za mpira, habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu, na mzee akawa anaitikia ee, ee.

Severa alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, damu kidogo mdomoni. Aliona sasa kila kitu kilichokuwa kinampandisha presha siku tatu: jina la mteja linatangazwa, saa ya kazi inapangwa, mkono unashikwa mpaka msikitini. Alijiona mpumbavu, mpumbavu wa kusomea.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka wa pili huu," akasema Bi Sabaha, sauti ya chini, na sasa hasira zilikuwa zake. "Hivi ninyi watoto mliosoma, mtu akikwambia muulize hapahapa, huwezi kujiuliza kwa nini? Nikupigie kipaza sauti barabarani kwamba mwenzangu anasahau? Aibu ya mtu inatangazwa? Tunafunika kombe mwanaharamu apite, wewe unakuja kulifunua mchana kweupe!"

"Mngeniambia pembeni..."

"Kumwambia nani? Mtu wa kuandika? Mwanawe Shukuru, mwaka jana, alimchukua akamweka Kibaha. Nyumba nzuri, geti, televisheni ukutani, na mzee humo ndani kutwa peke yake. Mwezi mmoja! Tulipokwenda kumwona hakujua sindano inashikwaje. Hakunijua mimi! Tukamrudisha hapa, wiki mbili tunamwita jina lake asubuhi mpaka jioni. Sasa Shukuru akisikia kuna karatasi imeandikwa kwamba babake hajiwezi, siku hiyohiyo yuko hapa na gari."

Severa akakitazama kishikwambi. Jina moja, sentensi moja, nafasi tisa tupu. Akafuta yale aliyoyaandika, akarudi ukurasa wa kwanza. Ilikuwa saa tisa na robo, na simu kutoka kwa Heriel ilikuwa inatetemeka mfukoni kwa mara ya tatu.

"Bi Sabaha, nisamehe," akasema. "Mzee Mansukhlal, nisamehe. Nimuulize hapahapa, ninyi mkiwepo, kama mlivyotaka. Hili la kuwa peke yake nitalibonyeza ndiyo na liende zake. Sitaandika kwamba anasahau. Nitaandika atakachosema na mtakachosema."

Bi Sabaha akamtazama. Akamtazama Mzee Mansukhlal. Mzee Mansukhlal akafuta miwani yake kwa shati, akaivaa.

"Kaa basi," akasema Bi Sabaha, akiwa bado amenuna. Akamsogezea kigoda. "Mtoto wa watu naye ana kazi yake. Uliza upesi."

Wote wakajipanga kusaidia. Severa akapangusa mdomo, akatoka kwenye kivuli cha duka, akainama mbele ya mzee kama alivyoinama asubuhi, jana na juzi.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Bakili akainua uso. Sindano ikasimama. Hakuuliza habari ya begi. Alimtazama Severa, na mwili wake wote ukarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na mkono ukashika pindo la kanga ya Bi Sabaha.

"Huyu hapana," akasema.

"Bakili, huyu ni Severa," akasema Mzee Mansukhlal kutoka kaunta. "Wa maswali, yule wa jana."

"Hapana."

"Mtoto mzuri huyu," akajaribu Bi Sabaha. "Mjibu tu, mimi nipo. Sema ndiyo."

"Simtaki. Asinikaribie."

Hakugeuza shingo kumtazama mtu. Jina la Severa hakuwa nalo, stoo hakuikumbuka, wala hakujua alichofanyiwa ni nini. Ila mwili ulijua ni nani aliyemfanyia. Bi Sabaha alijaribu tena, akamwacha. Muuza saa akaangalia pembeni.

Severa alibaki ameinama pale, mkono wa salamu ukiwa hewani, mpaka ukachoka. Kisha akasimama, akakishika kishikwambi, akaenda chini kabisa kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye kitufe ambacho kwa watu ishirini na tisa hakuwahi kukigusa: Amekataa kuhojiwa. Akabonyeza. Kikatokea kiswali kimoja cha mwisho: Je, uamuzi huu ameutoa yeye mwenyewe, bila kusemewa na mtu?

Machozi yalimfanya asione vizuri, akapangusa kioo kwa upande wa mkono, akabonyeza Ndiyo.

"Usipite mbele yake, mwanangu," akasema Bi Sabaha, sasa kwa upole. "Zunguka huku nyuma ya mikokoteni, asikuone."

Severa akazunguka nyuma ya mikokoteni.